Inasemekana

Katika ukoo ule, jambo lilikuwa halijawa kweli mpaka Bwana Nukta aseme. Walikuwepo wajomba wenye vyeo kumzidi na mashangazi wenye sauti kumzidi, lakini ikija barua ya shule, tangazo la msiba au karatasi ya hospitali iliyoandikwa kwa lugha ya kutisha, ilipelekwa kwake. Alikuwa amekaa miaka thelathini na mmoja kwenye gazeti akisoma prufu, zile kurasa zinazosahihishwa kabla ya kuchapwa. Ndugu zake hawakujua hasa kusoma prufu ni kazi gani. Waliamini tu kwamba mtu anayesoma gazeti zima kila siku, tena kabla halijatoka, hana asichokijua. Yeye hakuwasahihisha, na nadhani ni kosa pekee alilowahi kuliacha lipite.

Jina la Nukta alipewa na mdogo wake wa kike, ambaye naye alikuwa na lake. Dada huyo alikuwa fundi wa nguo, na watu walimwita Cherehani kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya mdomo wake, ambao ukishaanza hausimami mpaka uzi uishe. Katika watoto sita wa tumbo moja walikuwa wamebaki wao wawili. Cherehani alikuwa mjane, akiishi na binti yake katika vyumba viwili, mtaa wa tatu kutoka kwa kaka yake. Chumba cha mbele kilikuwa na mashine, meza ya kukatia, na vipande vya vitambaa vilivyojaa mpaka uvunguni mwa kochi. Kwenye kabati la vioo, kando ya kopo la vifungo, palikaa vidonge vyake vya presha. Huu ulikuwa mwaka wa tisa anavimeza kila asubuhi, akinung'unika, lakini anavimeza.

Gazeti lilipoamua kwamba kompyuta inaweza kusoma prufu yenyewe, Bwana Nukta alipewa barua ya kustaafu yenye makosa mawili ya tahajia. Aliyazungushia wino mwekundu, akaiweka barua kabatini, akakaa nyumbani. Kukaa nyumbani kulimshinda. Mtu aliyezoea kusubiriwa na mtambo mzima wa uchapaji anaamka asubuhi na hakuna anayemsubiri, hata paka. Kilichomwokoa, kama kuokoka ndiyo neno lake, ni kundi la ukoo kwenye simu. Lilikuwa na watu sitini na wanne, na kila mmoja aliandika anavyojua. Mtu akitoa pole ya msiba akaandika "ponyeni" badala ya "poleni", baada ya dakika mbili Bwana Nukta alikuwa ameirudisha ikiwa safi. Vijana walimtania kwamba siku akifa watamzika na kifutio. Alikasirika kidogo, akafurahi sana.

Ujumbe wenyewe ulimfikia Jumanne asubuhi, chai ikiwa bado ya moto. Uliletwa na mpiga chapa mstaafu, mwenzake wa zamani kule gazetini, na ulikuwa takataka tupu. Herufi kubwa zilipiga kelele mwanzo hadi mwisho. "TAHAZALI" imeandikwa kwa z badala ya dh na l badala ya r, alama za mshangao tisa, hakuna nukta hata moja ya kupumzikia. Ulisema kwamba vidonge vya presha vya boksi la "bulu" inasemekana vimechanganywa na kemikali inayoua figo taratibu, kwamba madaktari wanajua wananyamaza, kwamba mwenye mgonjwa amwambie aache mara moja, na kwamba asiyetuma kwa watu kumi akipata msiba asimlaumu mtu.

Mtu mwingine angecheka akafuta. Bwana Nukta aliona kosa, na kosa likiwa mbele yake mkono ulikuwa haumtulii. Alivaa miwani. "Tahazali" ikawa "tahadhari", "bulu" ikawa "bluu", "presha" ikapandishwa cheo ikawa "shinikizo la damu". Alifuta alama za mshangao. Alifuta madaktari wanaonyamaza, kwa kuwa sentensi yao ilikuwa haina kichwa wala miguu. Watu kumi na laana yao aliwatupa nje kwa sababu ni ushamba. "Mwambie aache" ilikuwa amri ya sokoni, akaigeuza kuwa "wagonjwa wanashauriwa kuacha". Wanashauriwa na nani, hakujiuliza, maana sentensi ilikuwa imesimama vizuri bila huyo mtu.

Likabaki neno moja: inasemekana. Kule gazetini neno hilo lilikuwa na utaratibu wake. Msoma prufu akilikuta, alilizungushia wino na kuirudisha karatasi kwa mwandishi na swali moja pembeni, "Na nani?" Mwandishi aliondoka na swali lake, akarudi na jina la mtu, au habari ikafa. Kazi ya Bwana Nukta ilikuwa lugha tu. Ukweli ulikuwa wa meza ya pili, ya wahariri. Sasa alilizungushia neno lile kwa macho, mazoea yakimwambia arudishe, akagundua kwamba hapakuwa na wa kumrudishia. Meza ya pili haikuwepo tena. Basi akalifuta, na sentensi ikatulia.

Aliisoma upya. Ilisomeka kama tangazo la wizara. Na hapa ndipo ninapomlaumu, kwa sababu alipokuwa anaanza kusahihisha hakuwa ameamini neno hata moja, na alipomaliza aliamini yote. Alimpenda mdogo wake, na dawa zile zilikuwa kabatini kwake. Hilo ndilo lililomsukuma kwanza. La pili, ambalo hakulikiri hata peke yake, ni kwamba alitaka ukoo uzisikie habari hizo kutoka kwake kabla ya kwa mtu mwingine. Akatuma.

Shukrani zilimiminika mpaka adhuhuri. Mmoja aliandika kwamba heri ukoo wenye msomi. Mwingine aliuliza kama anaweza kuupeleka ujumbe kazini kwake, akajibiwa aupeleke. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi, na Bwana Nukta, ambaye kichwa kilikuwa kimeanza kuvimba, hakuona sababu ya kusema.

Aliyeuliza alikuwa mmoja tu, naye alipiga simu. Cherehani alianza kwa habari za mteja aliyenenepa kati ya kupimwa na kujaribishwa, akapita kwa jirani, akapita kwa bei ya uzi, kisha akapunguza sauti. Boksi lake zamani lilikuwa jeupe, na miezi miwili iliyopita zahanati walianza kumpa la bluu.

"Kaka, hii kitu ni kweli?"

Hapo ndipo yote yalipokuwa. Angeweza kusema hajui. Angeweza kumwambia amuulize daktari kwanza. Maneno kama hayo yangemchukua nusu dakika na kumpunguzia heshima kiasi cha ukucha.

"Sasa mimi nikutumie uongo?"

Cherehani alicheka, akasema alijua, na kwamba tangu lini boksi likabadilika rangi bila kuwa na jambo. Akasema anaacha leo leo. Ila binti asiambiwe, maana binti alikuwa mwalimu wa hesabu na angeweza kumfundisha mamaye mpaka jioni. Binti mwenyewe alikuwa amejitoa kwenye kundi la ukoo mwaka juzi, akidai hana nafasi ya kusoma salamu mia kwa siku. Bwana Nukta aliahidi kunyamaza, na ahadi hiyo aliitunza barabara.

Wiki ya kwanza Cherehani alijisikia mwepesi. Vidonge vile vilikuwa vinamvimbisha miguu kidogo, na sasa viatu viliingia bila kusukumwa. Wiki ya pili aliandika mwenyewe kwenye kundi, kwa tahajia yake ya fundi, kwamba yeye ameacha na haoni dalili yoyote, asante kaka. Kaka alisahihisha "daili" ikawa "dalili". Baada ya hapo binamu wawili nao waliacha vyao. Presha haipigi hodi, na hilo mtu yeyote wa zahanati angewaambia kama angeulizwa.

Siku ya ishirini na tatu mteja alifuata sketi akamkuta Cherehani ameinamia meza ya kukatia, mkasi ukiwa bado vidoleni, nusu ya uso imeteremka. Mteja alikuwa na akili ya haraka, na gari lilipatikana. Daktari alisema ni kiharusi, akamtuma binti nyumbani alete dawa zote ambazo mama anatumia. Binti alirudi na boksi la bluu. Daktari alihesabu vidonge vilivyobaki, akatazama tarehe, akahesabu tena, akamuuliza binti kwa upole kwa nini mama aliacha. Binti akaitafuta simu ya mama yake.

Bwana Nukta alikuwa kwenye benchi la ukumbi, chini ya saa ya ukutani iliyosimama. Kando yake alikaa mama mmoja ambaye mumewe alikuwa amelazwa wodi ya wanaume. Walipeana pole za hospitali, zile ambazo watu hupeana bila kutazamana. Mama yule akamuuliza mgonjwa wake ana nini, na aliposikia presha imetajwa akatoa simu mkobani haraka, kwa huruma ya kweli, akamwambia asome habari iliyokuwamo.

Aliisoma. Hakuhitaji kuimaliza. Kwenye sentensi ya pili palikuwa na nukta mkato, na katika nchi nzima pengine walikuwa wamebaki watu sita wanaoitumia nukta mkato ipasavyo. Hii aliijua kama mtu anavyojua mwandiko wake. Alimuuliza mama yule ameipata wapi, akaambiwa ni kwenye kundi la wapangaji, na huko ililetwa na mtu aliyeitoa kazini.

"Hii siyo zile za mitaani," mama alisema. "Hii imeandikwa na wasomi. Unaona mwenyewe."

Alimwambia kwamba ni uongo. Mama yule alimtazama kama mtu anavyomtazama mzee aliyechoka, akamshauri aisome tena taratibu. Bwana Nukta akafungua mdomo kusema kwamba aliyeiandika ni yeye, badala yake akaisoma tena. Mama akaitwa na nesi, akaondoka na simu yake.

Binti alimkuta hapo hapo. Alikuwa ameshaipekua simu ya mama yake na kuona kila kitu, mpaka ile asante kaka. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Mjomba, ulijuaje kama ni kweli?"

"Iliandikwa vizuri, mwanangu."

"Nani aliiandika?"

Mfanyakazi wa usafi alipitisha deki mbele yao, wakainua miguu wote wawili, wakaishusha.

"Mimi," alisema.

Binti aliinuka akaenda kukaa benchi la mbali.

Siku hiyo Bwana Nukta alifanya kazi aliyopaswa kuifanya wiki tatu nyuma. Alimpigia mpiga chapa na kumuuliza ule ujumbe aliupata wapi. Mpiga chapa aliupata kwa dobi wake. Dobi, aliyekuwa anapiga pasi na hakuona sababu ya kuhojiwa, alisema aliupata kwa shemeji yake. Shemeji alimtaja mwanamke waliyekuwa naye kwenye mafunzo ya udereva. Mwanamke yule alisema wala haukumbuki, yeye kila siku anatuma zaidi ya ishirini, na akauliza kwa wasiwasi kama ameshtakiwa. Mwishowe alimtaja mtu mmoja aliyedhani ndiye, na namba yake haikuwa ikipatikana. Watu wanne walijibu, na kila mmoja alikuwa ametumiwa. Hakuna aliyesema uongo, na hilo ndilo lililomtia baridi.

Kisha akaandika kwenye kundi. Aliandika kwamba habari ya boksi la bluu ni ya uongo, kwamba yeye ndiye aliyeipamba na kuituma bila kumuuliza mtu yeyote, kwamba dada yake ameacha dawa kwa ajili hiyo na sasa yuko wodini hawezi kusema, na kwamba kila aliyeacha aanze tena leo kwa kumwona daktari. Alijua masahihisho yanavyosomwa. Kule gazetini habari yenye kosa ilitoka ukurasa wa kwanza, na sahihisho lake lilitoka siku ya nne, ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la magodoro. Hata hivyo hakutegemea kimya kile. Zile shukrani za mwanzo zilikuwa arobaini na mbili. Sahihisho lilipata pole saba za mgonjwa, na mtu mmoja akauliza saa za kuona wagonjwa.

Akapiga moyo konde akaanza kuwapigia simu mmoja mmoja, watu sitini na wawili, ukimtoa yeye na Cherehani. Wengi walimsikiliza, na binamu mmoja kati ya wale wawili alikubali kwenda zahanati siku ile ile. Yule wa pili, ambaye ni mkubwa kwa umri, alimwachia aseme yote mpaka mwisho, kisha akamuuliza ni daktari gani aliyemtisha. Bwana Nukta akaapa kwamba hajatishwa na mtu. Binamu akasema anaelewa, simu siku hizi zinasikilizwa.

"Lisemwalo lipo," alimwambia kwa sauti ya siri. "Kama halipo, laja."

Bwana Nukta alitaka kumjibu kwamba lililokuja ni kiharusi, lakini simu ilikuwa imekatwa.

Cherehani alianza kutoa maneno siku ya sita wodini, na yalitoka yamevunjika. Mkasi aliuita mkate. Binti yake alimwita kwa jina la dada yao aliyekufa zamani, akajua amekosea, akalia. Alikuwa anajua kila anachotaka kusema, na mdomo ulimletea kitu kingine, na kila ulipokosea alifumba macho kwa aibu. Bwana Nukta alikaa kando ya kitanda kutwa nzima. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kusikia neno likikosewa akanyamaza. Sasa alinyamaza, na kila neno lililopinda alilipokea kama lilivyo, na usiku alilia kwa ajili yake.

Siku ya tisa nesi alileta vidonge vya kuanza tena kumezwa. Vilikuwa kwenye kikombe kidogo cha plastiki, na boksi lake la bluu aliliacha juu ya kimeza ili binti alione. Cherehani aliliona kwanza. Akafunga mdomo. Nesi alibembeleza, binti alibembeleza, akaziba mdomo kwa ule mkono mmoja uliobaki na nguvu, na macho yake yakamtafuta kaka yake. Miaka yote alikuwa akimtafuta hivyo hivyo.

Bwana Nukta aliinama karibu. Alimwambia ameze. Alimwambia ile habari ilikuwa ya uongo, kwamba aliituma yeye, kwamba alipomuuliza kwenye simu hakuwa na habari yoyote na alijibu kwa kiburi. Aliyasema mbele ya nesi na mbele ya binti, bila kupamba. Alisema, "Nisamehe, mdogo wangu. Sikuuliza mtu."

Cherehani alimsikiliza. Alikitazama kikombe, akalitazama boksi, akamrudia yeye. Midomo ilihangaika kwa muda, upande mmoja ukiuvuta mwingine.

"Na hii," alisema, "meuliza?"

Herufi ya kwanza ilikuwa imeanguka njiani, lakini swali lilikuwa zima. Hakuwa anamsuta. Alikuwa anataka kujua, kama alivyotaka kujua mara ya kwanza. Bwana Nukta alikuwa na jibu tayari ulimini, jibu laini la kaka mkubwa, na akaona kwamba ni lile lile la siku ile. Hakuwa ameuliza. Alikuwa ameamini tu, safari hii upande wa pili.

Akalichukua boksi akatoka. Dirisha la dawa lilikuwa ghorofa ya chini, na foleni yake ilipinda mpaka kwenye ngazi. Alisimama nyuma ya mwanaume mwenye bandeji shingoni, akasogea kila waliposogea. Zamu yake ilipofika alimuuliza mfamasia jina lake kwanza, na mfamasia, aliyekuwa na njaa na watu arobaini mbele yake, alimtajia bila furaha. Akauliza dawa ile inafanya nini. Akauliza kuhusu figo. Mfamasia alimwambia kwamba kinachoharibu figo ni presha yenyewe ikiachwa, na dawa huzilinda. Akauliza kwa nini boksi limebadilika rangi. Kiwanda kimebadili boksi, alijibiwa, dawa ni ile ile, ila tangu lini hasa mfamasia hakuwa na uhakika. Bwana Nukta aliandika yote kwenye karatasi, pamoja na jina na saa, akashukuru, akapanda ngazi akishika ukuta.

Alimsomea mdogo wake karatasi yote. Alianza na jina la aliyesema, akasema alikuwa amesimama wapi, akasema aliuliza nini na alijibiwa nini, na pale ambapo mfamasia hakuwa na uhakika alisema hivyo hivyo, kwamba hapa hakuwa na uhakika. Alisoma polepole. Cherehani alisikiliza mpaka neno la mwisho, macho yakiwa kwenye karatasi.

Kisha akageuza uso kwa shida, akamtazama binti yake, akasubiri. Binti aliitikia kwa kichwa. Cherehani akafungua mdomo, na binti akamwekea kidonge ulimini na kumnywesha maji kwa kijiko. Bwana Nukta alibaki amesimama upande ule mwingine wa kitanda, karatasi mkononi, na hakuna aliyemuuliza kitu tena.